Maotea

Uani Butembo, mtu amechoshwa na mwaridi wenye majani ya mistari ya manjano. Anaukata, anapanda mwingine palepale. Mvua zikirudi, pembeni linachomoza tawi la miiba asilolijua. Mwaridi wa bustani mara nyingi ni mimea miwili: ua la mmoja limebebeshwa juu ya mizizi ya mwingine. Amekata ua, mizizi imebaki. Na kama mizizi ilikuwa na virusi, navyo vimebaki.

Waagronomia wetu, waliosoma kwa Kifaransa, wataita tawi hilo “repousse”, kilichochipua tena. Mimi nachagua maotea: mmea usiopandwa na mtu, uliotokana na mbegu, mzizi au kipande kilichosahaulika ardhini. Si magugu, maana ni zao lako mwenyewe. Wala si chipukizi la mgomba, ambalo mama yake bado amesimama. Tena kuotea ni kuvizia: mwindaji humwotea mnyama, na mshambuliaji akitangulia mabeki huambiwa ameotea. Aliyelitunga neno sidhani aliwaza virusi, lakini hakukosea.

Teremka sasa hadi mashamba ya mihogo ya Beni. Batobato, ugonjwa ambao Mjerumani Otto Warburg aliueleza mwaka 1894 katika nchi iitwayo leo Tanzania, hujitangaza: jani la muhogo lina mabaka ya manjano, limejikunja kama ngumi ya mtoto. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na mtafiti Storey mwaka 1936 huko Amani, katika nchi hiyohiyo, ni mjanja zaidi. Shina linaweza kukupendeza. Chimba muhogo, ukate, ndani unakuta mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Bugali haitoki hapo. Magonjwa yote mawili hupita kwa nzi weupe na kwa miti tunayokata kupanda.

Tangu mauaji yaanze Beni mwaka 2014, wangapi wamekimbia wakaacha mihogo ardhini? Wakirudi wanakuta maotea yamejaa, na nzi weupe juu yake wakingoja shamba jipya. Kumwambia mwenye njaa ayang'oe yote siku hiyohiyo ni maneno ya ofisini. Sombe yake apike, virusi hivi havimdhuru mtu. Mizizi mizima achimbe ale, na kila kisiki akitoe kabla ya kupanda upya. Ila miti ya kupanda, ndugu msomaji, usikate humo.