Mkabala wa Utambuzi katika Saikolojia

Mkabala wa utambuzi hueleza tabia ya binadamu kwa kuchunguza kazi za akili: kuzingatia, kufasiri, kukumbuka na kuamua. Ulishika kasi Marekani na Uingereza katika miaka ya 1950, ukiwapinga wanasaikolojia wa tabia walioishia kwenye kichocheo na mwitikio unaoonekana. Kitabu cha Ulric Neisser cha mwaka 1967 ndicho kilicholieneza jina la uwanja huu.

Misingi

Kwanza, kati ya kichocheo na mwitikio kuna akili inayofanya kazi. Pale Mbagala, Temeke, abiria wawili humsikia konda mmoja akinadi safari. Mmoja hukimbilia daladala, mwingine hatikisiki. Tofauti yao imo katika wanachojua na wanachokusudia.

Pili, akili huchakata taarifa kwa hatua, mithili ya kompyuta, na uwezo wake una kikomo. Mwaka 1956 George Miller alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vipande takriban saba. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 10. Kwa wakala wa pesa za simu huko Tandale, Kinondoni, mteja huitaja kwa mafungu: nne, tatu, tatu. Tarakimu 10 zikageuka vipande vitatu. Mtu akidakia na swali katikati, wakala huomba fungu la mwisho lirudiwe.

Tatu, uzoefu hujenga skima, yaani maarifa yaliyopangwa yanayotuelekeza nini cha kutarajia. Aingiaye kwa mama ntilie hasubiri orodha ya vyakula. Hunawa, huuliza kuna nini leo, kisha huagiza. Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba skima hubadili hata kumbukumbu: Waingereza waliosimulia upya hadithi ya Wahindi Wekundu waliipindisha ifanane na waliyoyazoea.

Nne, kazi hizi za akili hazionekani, lakini hubainishwa kisayansi kutokana na muda, makosa na majibu ya watu katika majaribio.

Matumizi

Aaron Beck aliutumia mkabala huu kutibu sonona, kwa kumsaidia mgonjwa kuyapima mawazo yanayomlemea. Katika kliniki za Dar es Salaam, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Harvard walijaribu tiba ya vikundi ya aina hiyo, pamoja na mbinu za kutatua matatizo, kwa wajawazito wanaoishi na VVU wenye sonona.

Ukosoaji

Wakosoaji husema majaribio ya mkabala huu huacha nje hisia na mazingira. Kuhusu mazingira, karibu na Bagamoyo kundi la wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko liliwapima wanafunzi, likawafundisha kwa muda mfupi, kisha likawapima tena. Alama zilipanda, ishara kuwa kipimo cha mara moja hakikuonyesha uwezo wao wote. Huko Usenge, Kenya, watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya kishule. Kwa hiyo alama ndogo haitoshi kuthibitisha akili ndogo. Huenda kipimo hakikugusa yale mtoto aliyojifunza nyumbani.