Asilimia ya Exetat na uandikishaji chuoni (Kamituga)

Tangazo la asilimia ni desturi ya mhitimu wa sekondari nchini Kongo kuandika mwenyewe, katika fomu ya kuomba chuo, matokeo aliyopata katika Mtihani wa Serikali, yaani Exetat, kabla diploma yenyewe haijamfikia. Makala hii inaieleza kwa kuutazama Kamituga, mji wa dhahabu katika teritwari ya Mwenga, jimbo la Kivu Kusini, ulio kilomita 180 hivi kusini-magharibi mwa Bukavu. Hakuna sheria inayoliita tangazo hilo kwa jina lake. Limezaliwa na uchelewaji wa karatasi, likakomazwa na umbali, na leo maelfu ya vijana wa Kongo huanza masomo ya juu kwa kuliegemea.

Exetat

Mtihani huu ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya utawala wa Mobutu, ili nchi nzima ipimwe kwa kipimo kimoja badala ya kila mtandao wa shule, wa serikali, wa Kikatoliki, wa Kiprotestanti au wa Kikimbangu, kutoa cheti chake. Hufanywa na finalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite (sekondari ya juu), kila mmoja katika opsheni yake: kemia na biolojia, hesabu na fizikia, pedagojia, biashara na usimamizi, Kilatini na falsafa, ushonaji, ujenzi, na nyingine nyingi.

Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza huitwa nje ya seshoni: insha ya Kifaransa, Kifaransa cha mdomo, na kwa opsheni za ufundi, majaribio ya kazi mbele ya juri. Majuma kadhaa baadaye hufuata seshoni ya kawaida, siku nne za maswali ya kuchagua jibu, ambayo wanafunzi na walimu huyaita item. Siku moja ni ya utamaduni wa jumla, nyingine ya sayansi, nyingine ya lugha, nyingine ya masomo ya opsheni. Item huja zimefungwa na lakiri na hufunguliwa mbele ya wainspekta. Watahiniwa walioketi benchi moja hupewa seria tofauti za maswali, ili jicho la jirani lisiwe na faida. Mwaka 2020 janga la korona lilifunga shule, na seshoni iliyozoeleka mwezi Juni ikasogezwa hadi mwisho wa Agosti.

Anayefikia asilimia 50 amefaulu. Namba hiyo moja, pursantaji kama inavyosemwa mitaani, hubeba miaka yote ya humanite. Diploma huonyesha opsheni na asilimia, basi. Haionyeshi kwamba mtahiniwa alikuwa hodari wa hesabu na dhaifu wa Kifaransa, wala kwamba alikosa muhula mzima kwa kukosa minervali, yaani ada ya masomo. Ndiyo maana namba hii huulizwa kila mahali, kuanzia dirisha la aparitora, ofisi ya uandikishaji ya chuo, hadi meza ya posa, na ndiyo maana kishawishi cha kuiongeza pointi mbili au tatu si kidogo.

Matokeo yanavyotangazwa

Matokeo hutangazwa kutoka Kinshasa, jimbo moja baada ya jingine, si yote siku moja. Zamani palikuwa na redio na magazeti. Gazeti lenye orodha lilinunuliwa, likakatwa, na kipande chenye jina kikawekwa ndani ya Biblia au bahasha kama hati. Baadaye kampuni za simu zikaingia: mtahiniwa hutuma kodi yake, yaani namba yake ya utambulisho, kwa ujumbe mfupi, hukatwa pesa, kisha hurudishiwa asilimia. Siku hizi orodha za kila shule, ziitwazo palmare, huwekwa pia kwenye intaneti, zikiwa na jina la shule, idadi ya walioshiriki, idadi ya waliofaulu, na mbele ya kila aliyefaulu, asilimia yake. Asiyefaulu haonekani.

Siku hiyo ina sherehe zake, na Kamituga haibaki nyuma ya Bukavu wala Kinshasa. Waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, huimba barabarani, na familia hutoka nje na sufuria na mabidoni kupiga mdundo. Ni furaha ya haki, kwa kuwa katika mji huu ada ya shule hutoka katika mashimo ya dhahabu.

Kutoka palmare hadi diploma

Kati ya poda na diploma pana muda mrefu, na hapo ndipo tangazo la asilimia hupata nafasi yake. Diploma za Kongo huchapishwa katika makao makuu, hupitia mikono mingi, na kwa kawaida huchelewa. Kuna seshoni ambazo wahitimu wake walisubiri miaka hata wakamaliza chuo kabla hawajaishika diploma iliyowaingiza chuoni. Pengo hilo huzibwa na atestasiyo ya kufaulu, karatasi ya muda. Nayo pia ina ofisi yake, ada yake na foleni yake.

Vyuo haviwezi kusubiri. Mwaka wa akademia una tarehe zake, na chuo kisichoandikisha hakina minervali ya kulipa walimu. Kwa hiyo mwombaji hufika na alichonacho: fotokopi za buletini (ripoti za shule) za miaka miwili ya mwisho, picha za pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, na karatasi ya palmare iliyochapishwa katika sekretaria ya mtaani, yaani duka la kuchapa. Hupewa fomu na kujaza kwa mkono wake jina, postnom (jina la pili), jina la ubatizo, shule, kodi ya shule, opsheni, mwaka wa kufaulu na asilimia. Apariteri, karani wa uandikishaji, hulinganisha fomu na karatasi, kisha humwandikisha kwa masharti kwamba hati rasmi italetwa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka mwenye kuingia elimu ya juu awe na diploma ya serikali au hati iliyo sawa nayo. Kwa maneno ya sheria, huyu bado hajatimiza. Kwa desturi, ameingia.

Ugumu mkubwa hapa ni majina, hata kuliko asilimia. Tangu siasa ya otentisite ya mwaka 1972, ilipoagizwa majina ya Kikristo yaachwe, Mkongo huandikwa kwa jina na postnom, na jina la ubatizo liliporudi baadaye likaongezwa mwishoni. Karani wa shule huandika kwa mpangilio mmoja, orodha ya kushiriki Exetat kwa mwingine, palmare kwa wa tatu. Jina la Kilega, lugha ya wenyeji wa Mwenga, lenye w katikati hupoteza w yake, au hupata u. Mtoto aliyeitwa kwa jina la babu yake shuleni anajikuta chuoni ana majina mawili, na asilimia aliyoitangaza kwa uaminifu mtupu inaonekana ni ya mtu mwingine. Kusahihisha herufi moja kunahitaji prefe, yaani mkuu wa shule, inspekta, ofisi ya hali ya raia na mara nyingine mahakama. Mwanafunzi mwenye dosiye (faili) ya namna hii huitwa mwenye dosiye yenye matatizo, jina lisilomtendea haki, maana matatizo hakuyaleta yeye.

Uhakiki wenyewe huja mwishoni. Wizara ya elimu ya juu hutuma kamati za udhibiti wa skolarite, yaani historia ya masomo, kukagua dosiye za wanafunzi, na diploma za chuo huhitaji kuidhinishwa kabla ya kuwa na nguvu kamili. Hapo asilimia iliyoandikwa siku ya kwanza hulinganishwa na kumbukumbu za Exetat. Wapo wanaopatikana na diploma bandia, na wapo waliojiongezea. Adhabu ni kufutwa, hata kama mtu yuko mwaka wa mwisho na amefaulu kila mtihani wa chuo. Mpangilio huu ni mbaya kwa pande zote mbili: mdanganyifu huachwa ale miaka ya ada ya wazazi kabla ya kukamatwa, na mkweli huishi miaka hiyo hiyo chini ya shaka.

Kamituga

Mji ulikua kwa ajili ya dhahabu. Kampuni ya kikoloni ya MGL ilichimba hapa, ikajenga nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Mwaka 1976 iliunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI, nayo ikafa katika miaka ya vita ya 1990. Haki za uchimbaji zikapita kwa Banro ya Kanada. SOMINKI iliposimama, wachimbaji wadogo waliingia mashimoni, na ndio wanaolipia elimu ya mji hadi leo, pamoja na akina mama watwangaji wa mawe, maarufu kama mama twangaise. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa iliporomosha mashimo na kuua makumi ya wachimbaji. Nje ya Kongo mji ulijulikana zaidi kutokana na mlipuko wa aina mpya ya mpox ulioanza hapa mwaka 2023.

Kwa finalisti wa Kamituga, kila hatua iliyoelezwa juu ina bei ya ziada. Barabara ya taifa namba 2, ya kwenda Bukavu, ni tope wakati wa masika, na malori hukwama kwa siku nyingi. Atestasiyo inayochukuliwa asubuhi na kijana wa Bukavu humgharimu wa Kamituga nauli, malazi na ahadi ya kurudi tena. Ndiyo sababu wengi hupeleka chuoni tangazo la asilimia na palmare tu, wakiahidi mengine baadaye. Tangazo lao lisichukuliwe kuwa dalili ya ujanja. Ni matokeo ya jiografia.

Vyuo vya Bukavu

Wanaotoka Kamituga huelekea hasa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB), kilichoanza mwaka 1993, Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu (UCB) cha mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika (UEA) cha mwaka 1991, pamoja na taasisi za juu za pedagojia (ISP), maendeleo ya vijijini (ISDR) na ufundi wa tiba (ISTM). Asilimia 50 hufungua mlango wa jumla. Vitivo vinavyokimbiliwa, tiba kwanza, huongeza mtihani wa kuingilia au kima cha juu zaidi.

Nchi nyingine za Afrika Mashariki

Tanzania ilikwisha kuliondoa swali hili la kuthibitisha matokeo kwa sehemu kubwa. Mwombaji huandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita, na mfumo huyavuta matokeo kutoka Baraza la Mitihani, NECTA, lililoundwa mwaka 1973. Kenya nayo, kupitia KUCCPS, chombo cha kuwapangia wanafunzi vyuo, hupokea matokeo ya mtihani wa sekondari, KCSE, moja kwa moja kutoka baraza lake la mitihani, KNEC. Mwombaji anachagua kozi. Alama zake zinajisemea. Kongo ina kodi za watahiniwa na ina palmare za kielektroniki, kwa hiyo kinachokosekana ni ofisi mbili za serikali moja kufunguliana kumbukumbu, na hilo halina udhuru.

Marekani na wakimbizi

Marekani huchukua njia nyingine. Huko mitihani ya SAT na ACT inamilikiwa na mashirika yasiyo ya serikali, na kutuma matokeo rasmi chuoni mara nyingi kuna ada. Ili kuwapunguzia gharama waombaji, vyuo vingi humruhusu mwombaji kujiandikia alama katika fomu, hasa ile ya pamoja iitwayo Common App, na hudai matokeo rasmi baada tu ya kumpokea na yeye kukubali nafasi. Alama zikitofautiana, nafasi inaweza kufutwa. Baada ya korona vyuo vingi viliacha kudai mitihani hiyo kabisa. MIT iliirudisha mwaka 2022, Harvard na Dartmouth mwaka 2024. Tofauti na Kongo iko kwenye muda: huko uhakiki huja kabla ya darasa la kwanza.

Jambo hili linawagusa Wakongo wenyewe. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 na kujaa watu wa Kivu Kusini, watoto wamesoma kwa mtaala wa Kongo na kufanya mitihani ya Kongo. Baadhi yao wamehamishiwa Marekani na kufika mbele ya fomu inayowataka wajiandikie alama. Asilimia 62 ya Exetat, inayoheshimiwa Kamituga, husomwa huko kama karibu kushindwa, kwa sababu shule za Marekani huhesabu kufaulu kuanzia juu zaidi. Ni busara kwa mwombaji kuandika asilimia kama ilivyo, bila kuigeuza mwenyewe, na kuambatanisha maelezo kwamba kima cha kufaulu Kongo ni 50.

Hali tangu 2025

Mnamo Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la AFC/M23 waliiteka Bukavu, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Hivyo finalisti wa Kamituga mwaka huo alikuwa na ofisi za serikali upande mmoja wa mstari wa vita na vyuo upande mwingine. Katika hali hiyo palmare iliyochapishwa, kodi ya mtahiniwa na buletini zilizopigwa mhuri zilikuwa ushahidi pekee alioweza kuushika mkononi. Kila mzazi na kila prefe ahakikishe nakala zake zimewekwa mahali pawili, na majina yote matatu yawe yameandikwa kwa herufi zile zile tangu buletini ya kwanza.