Neno "Board" la Kiingereza

Mwanafunzi akiandikiwa kwamba shuleni atapewa "board", huenda akadhani atalazwa juu ya ubao, akaikataa nafasi. Kumbe ameahidiwa chakula! Sisi walimu twaona heri tulifuate neno hili tangu mwanzo. Asili yake ni ubao kweli. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita Waingereza waliita hivyo hata ngao, na ubavu wa chombo pia. Kwa hiyo upande wa kuume wa meli ni "starboard", yaani ubavu wa usukani, maana kasia la kuongozea lilifungwa huko. Meza nayo ikaitwa "board", kisha chakula cha mezani. Hata wakubwa walioketi kuizunguka meza wakifanya shauri wakapewa jina lilo hilo; nasi twawaita bodi.