Mafundi wa Meli Wasio na Hati

Kitale na Bungoma ni miji ya bara. Mkazi wa Bungoma huuona Mlima Elgoni upande wa kaskazini, na mkazi wa Kitale huuona upande wa magharibi. Wala hapana mmoja wao asikiaye mvumo wa bahari. Hata hivyo kwa muda mrefu palikuwa na njia ya kumtoa kijana wa huko shambani na kumfikisha katika chumba cha mitambo ya meli. Njia hiyo ilikuwa reli.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na katika miaka hiyo hiyo njia kuu ya kwenda Uganda ikapitishwa Bungoma. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba meli za Ziwa Viktoria zilikuwa mali ya reli. Aliyeandikwa kazi ya kufuta masizi ya garimoshi na aliyetia makaa katika meli huko Kisumu walikuwa watumishi wa bwana mmoja. Tena mitambo ilikuwa ya ukoo mmoja: moto, maji, mvuke na pistoni. Mtu aliyejua tabia ya boila ya garimoshi hakuwa mgeni kabisa mbele ya boila ya meli.

Meli zenyewe zilifika ziwani kwa namna ya ajabu. Ziwa halina mlango wa kuingilia kutoka baharini, basi kila chombo kikubwa kiliundwa Uingereza, kikafunguliwa vipande vipande, kila kipande kikapigwa alama, kisha vyote vikaletwa Mombasa. Vipande vya William Mackinnon, meli ya kwanza, vilichukuliwa vichwani na mabegani na wapagazi, maana reli ilikuwa haijafika ziwani. Ilifika mwezi wa Desemba mwaka 1901. Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi zaidi: Winifred ilishushwa majini Kisumu mwaka 1902, na Clement Hill miaka michache baadaye.

Sasa tujiulize: ni nani waliovifunga vipande hivyo? Wakubwa walikuwa wahandisi wachache wa Kizungu wenye hati za serikali yao, na chini yao mafundi wa Kihindi waliokuja na ujenzi wa reli. Lakini bamba la chuma halipandi lenyewe juu ya mataruma. Kupiga ribiti ni kazi ya kundi. Mmoja huivukuta katika makaa hata iwe nyekundu, mwingine huipokea kwa koleo na kuitia tunduni, wa tatu huikaza kwa chuma kizito upande wa ndani, na wenye nyundo huiponda kichwa upande wa nje kabla haijapoa. Ikipoa mapema, maji yatapita. Vibarua wa Kiafrika walioajiriwa kwa kubeba tu walisimama katikati ya kazi hiyo siku baada ya siku, na mwenye macho hawezi kusimama hapo bila kujifunza. Wala moto na chuma havikuwa vitu vipya magharibi mwa Kenya. Wahunzi wa Samia, karibu na ziwa, walikuwa wamesifika kwa majembe yao kabla ya meli yo yote ya moshi kuonekana huko.

Hivyo ndivyo ufundi ulivyopatikana: kwa kushika taa, kupaka mafuta, kutia makaa, kusikiliza mtambo unapobadili sauti. Hapakuwa na mtihani. Faida yake ni kwamba mlango ulikuwa wazi kwa asiyejua kusoma. Hasara yake ilikuwa kubwa pia, nayo ndiyo inayonisikitisha zaidi: kazi iliyofanyika haikuandikwa po pote. Mtu aliweza kulisha boila miaka ishirini na bado akaitwa kibarua, kwa kuwa mishahara na vyeo vilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Tume ya Lidbury ilikosoa mpango huo mwaka 1954. Walakini amri ya kufungua vyeo haikumfaa sana yule aliyekuwa na ujuzi bila karatasi, maana kizuizi cha rangi kilipoondolewa, kizuizi cha hati kilikuwa kimesimama pale pale.

Isidhaniwe kwamba hati ni hila tupu. Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikiwa na watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Kujua kuendesha mtambo si kujua uzito gani chombo kitahimili, na jambo hilo la pili halisikiki kwa sikio, lahitaji hesabu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 juu ya mafunzo ya mabaharia ulifanywa kwa sababu za namna hiyo.

Ukiusoma mkataba wenyewe, utaona kwamba haukuwasahau kabisa watu wa mikono. Afisa wa mitambo sharti afaulu mitihani, lakini baharia wa kawaida wa chumba cha mitambo aweza kukubaliwa kwa miezi sita ya utumishi chomboni, pamoja na mafunzo ya kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza. Sharti tu miezi hiyo iwe imeandikwa na kutiwa sahihi. Na mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilizindua sera ya kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi wa kuchomea vyuma kando ya barabara ya Kitale aweze kupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti.

Huko Kisumu, karakana ya meli imeamka tena. Chombo kipya, MV Uhuru II, kimeundwa papo hapo ziwani. Ribiti hazitumiki tena. Mabamba huunganishwa kwa kuchomewa, na mishono hukaguliwa.