Kumlinda Mpiga Kura wa Mtandaoni Dhidi ya Shuruti

Shuruti katika uchaguzi ni kumtisha, kumlazimisha au kumhonga mpiga kura ili amchague anayetakiwa na mtu mwingine. Kituoni, kinga yake ni kituturi: mpiga kura huingia peke yake, na akitoka hana cha kumwonyesha aliyemtuma. Kenya ilionja kukosekana kwa siri hiyo mwaka 1988, wanachama wa chama cha KANU walipopanga mlolongo hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao katika kura za mchujo. Anayepiga kura kwa intaneti nyumbani au kazini hana kituturi; mume, mwajiri au mnunuzi wa kura anaweza kusimama nyuma yake akitazama.

Estonia, iliyoanza kutumia kura ya intaneti katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2005, iliamua kuruhusu kura irudiwe. Mpiga kura huchomeka kitambulisho cha taifa kwenye kisomaji cha kompyuta, hujitambulisha kwa namba ya siri, huchagua mgombea, kisha hutia saini kwa namba ya pili. Anaweza kurudia apendavyo hadi upigaji wa mtandaoni ufungwe, na inayohesabiwa ni kura ya mwisho. Akipiga ya karatasi, hiyo hufuta ya mtandaoni. Aliyeshurutishwa jioni hubadili kura usiku, na aliyemlipa hana njia ya kujua. Vitisho havikomi, ila havina tena faida ya uhakika. Rais Arnold Rüütel aliupinga utaratibu huo akidai unavunja usawa wa wapiga kura. Mahakama ya Juu iliuidhinisha Septemba 2005.

Pengo lilibaki kwa anayeshurutishwa dakika za mwisho, mpaka mwaka 2021 iliporuhusiwa kubadili kura kwa karatasi siku yenyewe ya uchaguzi. Hata hivyo, anayeishi nyumba moja na mshurutishaji aliyemnyang'anya kitambulisho bado yuko hatarini, na huyo ndiye anayehitaji kinga kuliko wote.

Njia nyingine ilipendekezwa mwaka 2005 na Ari Juels, Dario Catalano na Markus Jakobsson. Mpiga kura humpa mshurutishaji ufunguo bandia wa kidijitali. Kura inayopigwa kwa ufunguo huo hupokelewa kama halali, kisha huondolewa kimyakimya wakati wa kuhesabu. Ugumu wake ni kwamba ufunguo halisi lazima upokelewe faraghani, na mwenye hofu lazima aweze kudanganya bila kutetereka.