Lori la zamani: Paipu ipi ya mafuta inafaa, ipi ni hatari

Ushetu. Lori linalowaka vizuri mchana lakini asubuhi linagoma mpaka fundi apige pampu ya mkono, mara nyingi halina ugonjwa wa nozeli. Linavuta upepo, na upepo huo unaingilia kwenye paipu au mpira wa mafuta uliochoka.

Wenye Fuso, Isuzu na Scania za miaka mingi zinazobeba tumbaku, mpunga na mahindi kutoka vijiji vya Ushetu kwenda Kahama wanaijua hali hiyo. Barabara ya vumbi inatikisa fremu kutwa nzima, jua linakausha mpira kwa nje na dizeli inaula kwa ndani. Ikipasuka, swali linabaki dukani: inunuliwe ya shaba, chuma, plastiki au mpira?

Inategemea paipu inakaa wapi.

Kutoka tanki hadi pampu

Kwenye malori mengi ya zamani, pampu ndogo ya kuvuta mafuta iko kwenye injini, siyo ndani ya tanki. Kwa hiyo paipu hii inanyonya. Ikipata ufa mdogo, badala ya kumwaga dizeli nje inaingiza hewa ndani. Ndiyo maana dereva anaweza kulala chini ya gari, asione hata tone, akaishia kuisingizia betri.

Kwa urefu wa fremu, chuma bado ndiyo chaguo salama. Kinavumilia joto, jiwe la barabarani na mtikisiko, mradi kifungwe kwa vibanio kila baada ya hatua fupi na kisigusane na fremu. Adui yake ni kutu, hasa kama tanki lina maji chini na halimwagwi.

Plastiki ngumu ya nailoni nayo inafaa, na malori mengi ya Ulaya yametoka nayo kiwandani. Haishiki kutu na inapinda kirahisi. Ila iwekwe mbali na eksozi, maana joto linailainisha.

Shaba nyekundu, ambayo mafundi wengi huiita kopa, ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa sababu inapindika kwa mkono. Hapa ndipo penye mtego. Shaba inaharakisha kuharibika kwa dizeli na kutengeneza utomvu unaoziba filta, hasa gari likikaa wiki kadhaa bila kazi. Pia ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu, kisha inakatika kwenye maungio. Bomba la maji lenye zinki nalo siyo la kujaribu, kwa kuwa zinki huchanganyika na dizeli na kuacha uchafu.

Mpira ni wa kiungo tu

Mpira una kazi yake: kuunganisha fremu na injini, kwa sababu injini inacheza na fremu haichezi. Uwe kipande kifupi, na uwe wa mafuta kweli. Mpira wa maji ya rejeta unafanana nao kwa macho, lakini dizeli huuvimbisha na kuulainisha mpaka ngozi ya ndani ichubuke na kuziba njia. Mpira halisi wa mafuta huwa na maandishi ubavuni, kwa mfano SAE J30 au DIN 73379. Usio na maandishi yoyote, muuzaji aulizwe vizuri.

Umri nao ni hoja. Marekani ilipopunguza salfa kwenye dizeli mwaka 1993, magari ya zamani yalianza kuvuja kwa sababu mpira uliozoea mafuta ya awali ulisinyaa. Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015. Lori lenye mpira wa kabla ya hapo limeshavuka muda wake, hata kama kwa nje mpira unaonekana mzima.

Kutoka pampu hadi nozeli

Hapa hakuna mjadala. Ni paipu ya chuma nene isiyo na mshono, ya urefu ule ule wa kiwandani. Haichomelewi wala haifungwi mpira. Presha yake inapita mara mia ya ile ya tairi la gari dogo, na ikivuja, dizeli inaweza kupenya ngozi. Tundu litafutwe kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kidole. Aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali hata kama haumii, kwa sababu kidonda kinaonekana kidogo huku madhara yakisambaa ndani.

Hatari nyingine ni moto. Dizeli haiwaki haraka kama petroli, lakini ikinyunyizwa kama ukungu juu ya eksozi ya moto inawaka, na nyuma kuna shehena ya tumbaku kavu.

Mpira mweupe wa levo

Mpira unaopitisha mwanga, ule wa mafundi ujenzi, umeonekana kwenye malori mengi kama dawa ya haraka. Dizeli huufanya mgumu, kisha unapasuka. Matumizi yake yanayokubalika ni kupima: kipande kifupi kinafungwa kabla ya pampu, injini inawashwa dakika chache, na vipovu vikipita, upepo unaingia upande wa tanki. Baada ya hapo kinatolewa, na kazi ya kukagua inarudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea tanki.