Kibaba, Chungu na Kiporo

Msomaji, bila shaka umekwisha kuisikia methali isemayo, "Haba na haba hujaza kibaba." Lakini je, umepata kukiona kibaba chenyewe? Vijana wengi hawajakiona, nao huitamka methali hiyo pasipo kujua ni chombo gani kinachojazwa. Basi na tukitazame pamoja, kwa maana historia ya chakula kilichopikwa haianzi jikoni. Huanza penye kipimo.

Kibaba kilikuwa chombo cha kupimia nafaka katika pwani ya Afrika Mashariki. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na vibaba vinne vilifanya pishi. Hakikuwa sawa kila mji, lakini kibaba cha mchele kilikuwa na uzito wa ratli moja na nusu hivi, yaani karibu gramu 680. Hicho ndicho kilichohesabiwa kuwa posho ya mtu mmoja kwa siku. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka pwani kwenda bara, mpagazi naye alipimiwa posho yake kwa kibaba. Fikiri jinsi mtu aliyebeba mzigo mchana kutwa alivyoutazama mkono wa mpimaji!

Na alikuwa na sababu ya kuutazama. Kulikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa hata nafaka ikafanya kichuguu juu ya ukingo. Na kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu mpaka kikawa sawasawa. Jina ni moja na chombo ni kimoja, lakini chakula si sawa. Anunuaye kwa tele na kuuza kwa mfuto hutajirika bila kulima. Leo katika masoko ya Kenya twapima mahindi na maharagwe kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili hivi, na mzozo ni ule ule: mkebe uliobonyezwa kitako huwapunja watoto chakula chao.

Mpishi naye alihitaji kipimo. Alijua kwamba mchele ukiiva huongezeka, kikombe kimoja kikawa kama vikombe vitatu vya wali. Kwa hiyo alihesabu walaji kabla ya kuinjika chungu. Kilichobaki alikifunika kwa kawa, na asubuhi kikaliwa kiporo. Desturi hiyo iliokoa kuni na kazi, wala aghalabu haikumdhuru mtu.

Lakini aghalabu si daima. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, tulificha wali wa jioni bwenini ndani ya sufuria iliyofunikwa vizuri. Kesho yake mchana tuliupasha moto, tukaula kwa furaha. Kabla ya jua kuchwa wanne kati yetu walikuwa wakitapika. Tulishangaa sana, kwa kuwa tulidhani moto umekwisha kutusafishia chakula.

Sababu yake yafahamika. Yako bakteria yaitwayo Bacillus cereus, yaishiyo udongoni na kupatikana katika mchele mbichi. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali au tambi zikikaa saa nyingi katika joto la chumba, mbegu huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Na sumu ya kutapisha haiondoki hata chakula kikipashwa moto tena. Mwaka 1971 wataalamu wa Uingereza waliutambua ugonjwa huu kwa watu waliokula wali wa mikahawani, uliopikwa mapema, ukaachwa nje, kisha ukakaangwa.

Nafaka isiyopikwa nayo yaweza kutia msiba. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yale yalipikwa kama kawaida, lakini moto wa jikoni haukuiondoa sumu.

Kwa hiyo, msomaji, kausha nafaka barabara kabla ya kuiweka. Upikapo, pima. Chakula kikibaki, kitandaze katika chombo kipana kipoe upesi, wala kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kitie katika jokofu penye baridi isiyozidi digrii 5, ukile kesho yake, nawe ukipashe moto mara moja tu, mpaka kitoe mvuke kote. Asiye na jokofu na apike kiasi cha kwisha.

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Walisema kweli juu ya nafaka kavu iliyomo ghalani. Wali uliolala chunguni si akiba. Basi kabla ya kuinjika chungu, hesabu walaji kwanza, kisha ndipo ushike kibaba.